Pistoni Isiyosubiri

Pistoni ya Festus Wamalwa iliua watu wengi kabla ya kusukuma jiwe hata moja.

Walikuwa watu wa kwenye kioo tu, vijitu vya mchezo wa kompyuta ambao mchezaji wake huchimba mlima, hujenga ngome ndani yake, huwalisha wakazi na kungoja maadui waje. Hata hivyo kila kijitu kilikuwa na jina lake na umri wake, na kilipokufa mchezo uliandika mstari mmoja kusema kimekufaje. Jumatano hiyo asubuhi Festus alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni na laptopu mapajani, akisoma mistari iliyojipanga chini ya kioo: amepondwa na jiwe, amepondwa na jiwe, amepondwa na jiwe.

"Umewamaliza tena?" Dancan aliuliza dirishani. Alikuwa amesimama nje, ovaroli imejaa vumbi jekundu, akinywa maji kutoka kwa kopo.

"Wachache tu."

"Bana, wewe ni janga. Mimi ningekuwa raia wako ningekuwa nimehamia Uganda kitambo."

"Si walisimama mahali pabaya."

"Na nani aliwaambia wasimame hapo?"

Festus alirudi kwenye mistari yake, kwa sababu aliyewaambia alikuwa yeye.

Chumba chake pale Kibomet, mtaa wa Kitale, kilipakana na yadi ya matofali, na kabla figo zake hazijakufa ni yeye aliyekuwa akishika mkono wa mashine yadini humo. Mashine ya matofali ya intaloki, yale yanayoshikana bila chokaa, haina maajabu: sanduku la chuma, kifuniko, na mkono mrefu. Unajaza udongo uliochanganywa na saruji, unafunga, unauvuta mkono kwa uzito wako wote mpaka udongo ushikane. Kisha unafungua kifuniko na kuvuta tena, na kile chuma cha chini kinapanda taratibu kikiinua tofali hadi nje, zima, lenye kona zake zote. Hilo tendo la mwisho ndilo Festus alilipenda. Kuna kazi nyingi duniani ambazo mtu hafiki kuuona mwisho wake, lakini tofali linapopanda, limepanda. Sasa mkono ulikuwa wa Dancan, na Festus aliyasikia matofali kupitia ukutani: kishindo, kimya, mlio wa chuma.

Jumanne na Ijumaa alikwenda hospitalini kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Alirudi amenyauka kama ganda la hindi. Siku iliyofuata ndiyo iliyokuwa siku yake ya kuwa mtu. Jumatano moja na Jumamosi moja kila wiki. Siku nyingine maji yalimjaa polepole, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, hadi mashine tena. Daktari alikuwa amemweleza kwa upole kwamba mashine haiponyi, inaahirisha. Dada yake Fridah alipimwa ili ampe figo moja, ikaonekana haifai. Ndugu wengine walisema watakuja kupimwa, na wangali wanakuja.

Laptopu ilikuwa ya Fridah. Alikuwa amesoma chuo pale Kibabii, kisha akabaki Bungoma mjini akiuza vitabu katika duka dogo. Ni msichana wa maneno machache, ambaye angeweza kukaa na mgonjwa mchana kutwa bila kumwuliza anajisikiaje, na mgonjwa akashukuru moyoni. Siku moja alimkuta kaka yake anatazama ukuta. Wiki iliyofuata akamletea laptopu.

"Kuna mchezo humo, yaya," alisema, kwa lile neno la Kibukusu ambalo ndugu huitana. "Unajenga."

Festus akajenga. Ngome yake aliiita Lukoba, jina la zile kuta za udongo ambazo Wabukusu wa zamani walizungushia vijiji vyao. Kila mtoto wa Naitiri, kijijini kwao, amesikia habari za kuta hizo, na handaki lililochimbwa nje yake, na jinsi zilivyokuja kubomolewa. Utotoni Festus alikuwa akisikiliza akijua kwamba ukuta ulikuwa mzuri na watu walikuwa hodari. Kilichomsumbua kilikuwa lango. Kila mara msimulizi alipofika langoni, watu walianza kufa.

Kwa hiyo aliwaza sana juu ya lango. Mchezoni, milango ya mbao ilivunjwa na maadui. Daraja la kuinuliwa lilikwenda kwa mwendo wa kobe. Yeye alitaka jiwe zima litoke ubavuni mwa njia na kuiziba, kama tofali linavyotoka sandukuni. Alitaka pistoni, na mchezo haukuwa nayo.

Lakini mchezo ulimruhusu mchezaji kubuni majengo yake kwa kuandika faili: jengo lina ukubwa gani, linajengwa kwa kitu gani, nani anafanya kazi humo, mraba upi unapitika na upi haupitiki. Wachezaji wa nchi mbalimbali walipelekeana mafaili hayo mtandaoni. Kila baada ya muda, majengo yaliyofanya kazi vizuri yalikusanywa na kutolewa kwa wachezaji wote, kila jengo na jina la aliyelibuni. Hilo ndilo Festus alilolitamani: jina lake liandikwe juu ya kitu kinachosimama.

Aliichora pistoni yake kwa miraba mitatu: sanduku, fimbo, na kichwa. Sanduku lilijengwa kwa chuma na gia, nalo likapata nguvu kutoka kwenye gurudumu la maji kupitia ekseli ndefu iliyopita chini ya sakafu. Mpaka hapo kazi ilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kwamba mchezo haukujua maana ya kusukuma. Jengo la mchezoni liliweza kupokea kitu na kutoa kitu, basi, kama posho mili: mahindi yanaingia, unga unatoka. Festus alizunguka na tatizo hilo siku nyingi, hata akiwa amelala kando ya mashine ya damu, mpaka akaiona hila. Jengo lipokee jiwe upande wa sanduku, kisha litoe jiwe lilelile upande wa kichwa. Kwa macho ya mchezaji, jiwe limesukumwa. Kwa akili ya mchezo, jiwe limesagwa huku na kuzaliwa upya kule mbele. Na kama palikuwa na kijitu kwenye mraba wa mbele, jiwe lilizaliwa juu yake.

Ndivyo walivyokufa wale wa Jumatano.

Dancan hajaondoka dirishani, Mzee Wamalwa akabisha mlangoni. Baba yake Festus alikuwa ametoka Naitiri alfajiri, na kofia yake ya kanisani, na mkungu mdogo wa ndizi ambao mwanawe alikuwa amekatazwa kula. Aliuweka pembeni, akaketi juu ya ndoo ya maji iliyopinduliwa, akamtazama mwanawe miguu kwanza.

"Leo imepungua," alisema.

"Leo ni siku nzuri, Baba."

"Nashukuru. Basi nitasema haraka kabla siku nzuri haijaisha. Nimekuja kwa ajili ya simba."

Festus alijua. Kwao, kijana akishatahiriwa halali tena katika nyumba ya baba yake. Hujenga nyumba yake ndogo, simba, palepale nyumbani, lakini hachagui mahali. Baba humshika mkono, humpeleka hadi mahali penyewe, akasema "hapa" mbele ya shahidi, na mwana huchimba shimo la nguzo ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Bila hayo, hata ukijenga kwa mawe ni kibanda tu. Festus alikuja Kitale angali kijana, akapanga chumba, akasema atajenga atakapooa. Hakuoa. Na katika ukoo wao mwanamume akifa bila simba, jeneza halina mlango wa kuingilia. Haliwekwi nyumbani mwa baba, kwa kuwa mwenyewe hakulala humo alipokuwa hai. Hulazwa uani chini ya turubai, kesho yake likazikwa kando ya ua, mbali na makaburi ya wengine. Na mtu wa kando ya ua, hakuna mtoto mchanga anayepewa jina lake. Jina huzikwa naye.

"Baba, mgonjwa akianza kujenga, watu watasema anajiandalia."

"Watu husema hata ukinunua kofia."

"Mimi mwenyewe nitasema."

Mzee aliangalia mikono yake. "Mwanangu, shimo lazima ulichimbe wewe. Siwezi kukuchimbia, na nguvu zako nazihesabu kama mtu anayehesabu mbegu za mwisho. Ukingoja ushindwe kuinua jembe, tutafanya nini?"

"Nipe nimalize kazi moja kwanza."

"Kazi gani, na mkono wa mashine ameushika huyu?"

"Mimi sijasema kitu, mzee," Dancan alisema dirishani, akarudi yadini.

Festus aliigeuza laptopu. Mzee Wamalwa aliinama, miwani mkononi, akaiangalia Lukoba kwa muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ngome. Kama zile za zamani. Hapa ni lango, hapa nataka jiwe litoke lizibe."

"Na hawa sisimizi?"

"Ni watu, Baba."

"Mbona hawa wengine hawatembei?"

"Hao wamekufa. Nilikosea hesabu."

"Nani atawazika?"

"Nawachimbia makaburi. Kila mtu na jiwe lake, jina limechongwa juu."

Mzee aliinua uso, akamtazama mwanawe, kisha akakitazama tena kioo. "Wana makaburi," alisema polepole. "Sisimizi wana makaburi yenye majina." Akavaa kofia yake. "Jumamosi, Festus. Ndugu yangu Wepukhulu atakuwa shahidi. Njoo asubuhi."

"Nitakuja."

Na alikusudia kwenda. Lakini Jumatano ile ilikuwa bado na jua, na baba yake alipoondoka alirudia faili lake. Akaandika sharti jipya: pistoni isifanye kazi mpaka mraba wa mbele uwe mtupu. Akaijaribu. Kijitu kimoja kilisimama mbele ya kichwa cha pistoni kikiwaza mambo yake. Wenzo ukavutwa, gia zikazunguka, na jiwe likangoja. Kijitu kikaondoka. Jiwe likatoka, likaziba njia pasipo kumgusa mtu. Festus alipiga ukuta kwa furaha, na Dancan akajibu kwa kupiga chuma.

Alhamisi alimpigia Fridah simu ili amsaidie kunyoosha maelezo ya Kiingereza ambayo yangeenda pamoja na jengo.

"Umeandika 'the piston is waiting people'," Fridah alisema. "Weka 'for'. Inawangoja hadi lini?"

"Hadi waishe."

"Na wasipoisha?"

Lilikuwa swali la mtu anayesahihisha sentensi. Festus alilicheka. Lakini siku hiyohiyo maadui walikuja. Alivuta wenzo. Vijitu vyote vikaingia mbio isipokuwa kimoja, mchonga mawe mzee kupita wote ngomeni, aliyekuwa amebeba gogo na hakutaka kulitupa. Alikuja hatua kwa hatua. Alipofika katikati ya lango akasimama kupumua. Pistoni ikangoja. Maadui wakapita kandokando yake wakaingia, na kioo kikajaa mistari. Kilipotulia, Lukoba haikuwa na mtu.

Alilipeleka jengo mtandaoni vilevile, aone wenzake watasemaje. Walisema. Mmoja aliandika kwamba pistoni inayosubiri ni mlango wa kuwakaribishia wageni. Mwingine, aliyesimamia ukusanyaji, aliandika kwa heshima kwamba wazo ni zuri sana, lakini lango lisiloweza kumfungia mtu mmoja nje haliwezi kuwaokoa wote waliomo ndani. Akirekebisha kufikia Jumamosi jioni litaingia, asipofanya hivyo angoje mkusanyo mwingine, huenda mwaka ujao.

Mwaka ujao. Festus aliyasoma maneno hayo Ijumaa, akiwa amelala hospitalini, damu yake ikizunguka nje ya mwili wake katika mrija. Jioni akampigia baba yake.

"Baba, hii Jumamosi sitaweza. Ijayo."

Mzee hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. "Ni wale sisimizi?"

"Ni siku moja tu, Baba. Jumamosi ijayo, naapa."

"Usiape. Mimi nipo, siendi popote. Ni wewe tunayekuogopea." Ng'ombe akasikika mbali. "Basi nitaanza kufyeka, ukija usikanyage nyoka."

Hakusema atafyeka wapi, na Festus hakuuliza.

Jumamosi aliamka na nguvu zake zote, chache kama zilivyokuwa. Alifungua faili akalifuta lile sharti la kusubiri. Ilikuwa mistari miwili tu. Kisha akaanzisha Lukoba upya, akakaa macho kioni hadi maadui walipotokea upande wa mto, akavuta wenzo. Safari hii pia kulikuwa na mmoja aliyechelewa. Pistoni haikumwangalia. Jiwe lilitoka mara moja, na mstari ukaandikwa, mmoja peke yake: amepondwa na jiwe. Maadui wakazunguka nje ya mwamba hadi wakachoka, wakaenda zao. Ndani, vijitu vikaanza kupika.

Alilipeleka jengo mchana huo. Alikaa akilitazama jina lake, F. Wamalwa, chini ya mchoro wa sanduku, fimbo na kichwa, na kwa muda hakusikia kiu wala miguu.

Simu ilipolia akaona ni Fridah. "Sasa," akamwambia, "hiyo 'for' nimeiweka, na 'not' pia."

"Yaya," Fridah alisema. "Baba ameanguka."

Walimkuta amelala kifudifudi nyuma ya nyumba, panga mkononi, kwenye nyasi alizokuwa amezifyeka nusu. Moyo, walisema. Hakuwa ameugua hata siku moja ambayo mtu angeikumbuka.

Wiki iliyofuata Festus alikwenda kwenye mashine Jumanne. Ijumaa hakwenda, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku mwili wa baba yake ulipoletwa nyumbani Naitiri, na mtoto wa kiume wa kwanza hawezi kukosa kuupokea. Jeneza la Mzee Wamalwa liliingia katika nyumba yake mwenyewe kupitia mlango wake mwenyewe. Kina mama wakaingia nalo wakiimba. Festus alibaki uani. Jioni ilipofika, ndugu wenye simba zao wakagawana wageni, na yeye akatandikiwa godoro chini ya turubai, pamoja na wachezesha muziki na watu wasiojulikana walikotoka.

"Si uje ulale kwangu," binamu mmoja alimwambia.

"Niko sawa hapa."

"Hapa kuna baridi, bana."

"Acha nipazoee," Festus alisema, na binamu akajifanya hakusikia.

Walizika Jumamosi. Jumapili asubuhi Fridah alikuja chini ya turubai na chai, akaketi ukingoni mwa godoro. Alikuwa na simu mkononi na hakujua kama ilikuwa halali kusema.

"Wamelichukua," alisema mwishowe. "Lile jengo. Limo na jina lako."

"Wanasemaje?"

Fridah alisoma kimya kwanza. "Wanalipenda. Wengi wanaandika jinsi... wanafurahia vile linaponda watu. Wanawapanga mbele makusudi."

Festus alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipoisha alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima. Fridah aliiweka simu mfukoni. Hawakulitaja tena.

Baada ya ibada wanaume wa ukoo waliketi uani kuyaangalia mambo ya marehemu: ng'ombe, shamba, nani atakaa na mjane, mama wa kambo wa Festus. Aliyeongoza alikuwa Wepukhulu, mdogo wa marehemu, mtu mpole mwenye sauti nyembamba, ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu. Mambo yote yalipokwisha aliuliza kama kuna mwenye neno. Festus akasimama, mkono mmoja kwenye nguzo ya turubai.

"Baba mdogo, mimi sina nyumba."

Wazee waliangalia chini.

"Baba alikuwa anionyeshe mahali jana Jumamosi. Wewe ungekuwa shahidi."

"Kweli aliniambia," Wepukhulu alisema. "Aliniambia hata habari ya ile Jumamosi iliyotangulia. Nikavaa, nikangoja."

"Najua. Kosa ni langu. Lakini mahali penyewe alikuwa ameanza kupafyeka. Ndipo alipoangukia."

"Alikuambia ni pale?"

"Aliniambia atafyeka."

"Ndugu yangu alifyeka kila Jumamosi, mwanangu. Ng'ombe anakula kila siku. Pale ndipo alipokata nyasi tangu tukiwa vijana." Wepukhulu alisema bila ukali, kama anayemweleza mtoto kwa nini mvua haisimamishwi. "Kufyeka si kuonyesha. Hakukushika mkono, hakusema 'hapa'. Mimi nikisema ni pale, nitakuwa nimesema uongo juu ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka."

"Basi nionyeshe wewe. Wewe sasa ndiye baba."

"Nitakuonyesha. Matanga yakiisha, mwaka ukizunguka, tukishatengeneza kaburi. Nyumba mpya haisimami katika matanga. Ikisimama inaita kifo kingine."

"Kifo kingine ni changu," Festus alisema. "Kiko njiani tayari, hakuna haja ya kukiita. Baba mdogo, mimi sina mwaka."

Senge, shangazi yao mkubwa aliyekuwa akichambua mboga karibu na jikoni, alikikemea kifo, "Shindwe!" kwa sauti ya juu, na wanawake wengine wakaitikia. Mwanamume mmoja alitoa chakula kwenye meno kwa kijiti. Wote walijua kwamba aliyoyasema ni kweli, na kwamba haikubadilisha lolote.

Festus aliangalia huku na huku, akaenda ukutani mwa jikoni, akachukua jembe la baba yake. Akatembea hadi nyuma ya nyumba, pole pole, kamba za viatu zimefunguliwa kwa sababu ya uvimbe. Nyasi zilizofyekwa zilikuwa zimelala chini, kavu, na mbele yake zile zilizobaki zilisimama katika mstari mnyoofu pale panga lilipokomea. Alisimama kwenye ule mstari. Akavua viatu, akainua jembe.

"Mzuieni!" Senge alipaza sauti.

"Mwacheni," Wepukhulu alisema. "Atachoka."

Alichoka. Udongo wa Naitiri ni mzuri, haupigani na mtu, lakini kila pigo lilimtoa pumzi, na baada ya kila pigo alilazimika kuegemea mpini na kungoja kifua kitulie. Wanaume walikuja mmoja mmoja wakasimama pembeni ya nyumba, mikono nyuma. Shimo lilifika kina cha sufuria ya ugali. Hapo mkono uliinuka na jembe halikuinuka. Akapiga magoti akaendelea kwa vidole.

Fridah aliwapita wanaume wote, yeye ambaye huzunguka nyuma ya nyumba ili asisalimie watu wengi, akapiga magoti upande wa pili wa shimo, akaingiza mikono yake.

"Fridah!" Senge alilia. "Mwanamke hachimbi nguzo!"

Fridah hakuinua kichwa. Alikuwa ameshatoa konzi mbili za udongo kaka yake alipomshika kifundo cha mkono.

"Toka, yaya," Festus alisema. "Ukiligusa wewe, hata hili kidogo halitahesabiwa."

Walitazamana. Fridah akatoa mikono yake, akaifuta kwenye sketi.

Festus alichimba mpaka hakuweza tena, kisha akakaa chini miguu imenyooka mbele yake, imeng'aa kama vibuyu. Wepukhulu alikuja akasimama juu ya shimo. Alilitazama kwa muda, akalia kidogo, akajipangusa kwa kiganja. Kisha akasogeza udongo kwa ubavu wa kiatu chake, taratibu, akiurudisha ndani, akaukanyaga mara mbili ili mtu asijikwae.

"Mwaka si mrefu, mwanangu," alisema.

Kutoka jikoni waliita chakula, na wanaume wakaenda kunawa.

Festus alijaribu kuvaa viatu. Havikuingia. Fridah akavichukua mkononi, akampa bega lake, wakaanza kutembea kuelekea barabarani.

"Tutawaomba wakuunganishe na mashine kesho," Fridah alisema. "Wakikataa tutakaa pale mlangoni."

"Sawa."

Walipumzika kwenye lango la boma, Festus akishikilia mti wa ua. Hapo palikuwa upande ule wa ua ulio mbali na makaburi, wanakozikwa wasio na simba. Alipaangalia, kisha akageuka.

"Fridah."

"Nakusikia."

"Wakiuliza hospitalini wampigie nani simu, waambie ni wewe. Namba ya Naitiri waifute. Na uende ofisi ya kaunti uulize kumzika mtu katika yale makaburi yao ya umma ya Kitale wanataka nini." Alisubiri pumzi irudi. "Kule hawaulizi mtu alilala wapi."

Fridah aliangalia viatu alivyoshika, vumbi jekundu la Kibomet lingali katika nyuzi. Angeweza kusema nyamaza, kama wanavyosema watu wote.

"Nitauliza," alisema.